Sungura Aliyefukuzwa Disneyland

Januari 2023, mtu fulani alichota maji ya mfereji kwenye bustani ya burudani kule Florida, akayatia kwenye chupa, akayaweka eBay. Si maji ya Zamzam. Ni maji yenye dawa, yaliyosukumwa na pampu chini ya mitumbwi ya abiria. Wengine wakaiga. Ukurasa wa mnada ukajaa chupa na mitungi ya maji ya Splash Mountain, kila muuzaji akiapa kwamba yake ndiyo original.

Mimi nilikuwa kwenye matatu, jam ya Thika Road, natazama haya kwenye simu. Nikacheka. Halafu nikabonyeza video moja ya safari yenyewe, imepigwa na mtu aliyeketi kiti cha mbele, na baada ya dakika chache nikaacha kucheka. Mle ndani, kwenye giza la bandia, alikuwepo mtu ninayemjua. Masikio marefu, maneno mengi, amekamatwa na mbweha, anaombaomba. Alikuwa Sungura. Wa kwetu kabisa, yule wa hadithi za jioni. Alifikaje pale? Na kwa nini wiki hiyo walikuwa wanamfukuza?

Stori ni ndefu, na haianzii Disney.

*

Kwanza tuelewane kuhusu mtambo wenyewe. Splash Mountain haikuwa rolakosta kamili, kwa sababu ilibebwa na maji badala ya magurudumu juu ya reli tupu. Abiria waliketi kwenye mtumbwi wenye umbo la gogo. Lakini hesabu ni ileile ya rolakosta: unapandishwa juu polepole, moyo unaanza kudunda, unafika kileleni, unaona bustani nzima mbele yako, kisha unaachiliwa. Mteremko wa mwisho ulikuwa wa takriban mita 16.

Mitambo ya aina hii ina tatizo moja: chuma na saruji hudumu kuliko hadithi. Kwa hiyo wenye bustani hufanya kile ambacho mwenye nganya hufanya akiona vijana wameanza kupanda gari la mwenzake. Chasisi inabaki, injini inabaki, graffiti inabadilika. Jana ilikuwa ya mwanamuziki, leo ya timu ya mpira. Space Mountain ya Disneyland Paris ilifunguliwa 1995 ikiwa na hadithi ya safari ya mwezini iliyotokana na kitabu cha Jules Verne. Mwaka 2005 ikapewa hadithi nyingine, na 2017 ikawa ya Star Wars. Reli ileile, mizunguko ileile. Florida nako kuna rolakosta iliyofunguliwa 1999 kwa jina la bendi ya Aerosmith, na mwaka 2024 Disney ilitangaza kwamba itawapisha Muppets.

Watu hunung'unika kidogo, wanazoea, maisha yanaendelea. Splash Mountain ndiyo iliyozua vita, kwa sababu graffiti yake ilikuwa imebeba mzigo mzito kuliko chasisi.

*

Mtambo huu ulizaliwa kwenye jam, jambo ambalo Mkenya yeyote ataliheshimu. Mwaka 1983, mbunifu wa Disney aitwaye Tony Baxter alikuwa amekwama barabarani akienda kazini kule California, akiwaza matatizo matatu ya ofisi. La kwanza, Disneyland haikuwa na safari ya magogo ya majini, ilhali jirani zao, Knott's Berry Farm, walikuwa nayo tangu 1969. La pili, upande wa bustani ulioitwa Bear Country haukuwa na watu. La tatu, kulikuwa na onyesho liitwalo America Sings ambalo watazamaji walikuwa wamelichoka, lakini lilikuwa na vikaragosi vya mitambo zaidi ya mia moja, wanyama wanaoimba na kupepesa macho, ambavyo ingekuwa hasara kuvitupa.

Baxter akaunganisha yote matatu. Safari ya magogo, ijengwe Bear Country, ndani yake wapangwe wale wanyama. Lakini wanyama wanaoongea wanahitaji hadithi. Akakumbuka filamu ya zamani ya kampuni hiyohiyo yenye sungura, mbweha na dubu: Song of the South, ya 1946.

Hebu tazama mpangilio huo vizuri. Hadithi ilikuja mwisho. Iliitwa ili ijaze nafasi kati ya mfereji na vikaragosi vilivyokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo hata safari ya kwanza ilikuwa vazi lililoshonwa baada ya mwili kupatikana.

Disneyland ilifungua Splash Mountain Julai 1989. Tokyo na Florida zikafuata mwaka 1992. Ikapendwa mno. Na ndani yake wabunifu walifanya upasuaji wa kimyakimya. Kwenye filamu, hadithi zinasimuliwa na mzee Mweusi aitwaye Uncle Remus. Kwenye safari, mzee hayupo. Kwenye filamu, Sungura ananaswa na mwanasesere wa lami, mweusi tii. Kwenye safari, lami imegeuka asali: Sungura anakwama kwenye mzinga wa nyuki. Kuna mtu ofisini alijua, miaka thelathini kabla ya kelele za 2020, kwamba kuna vitu pale haviwezi kuonyeshwa. Walichofanya ni kufuta alama za vidole na kuiacha nyumba ikiwa imesimama.

*

Filamu yenyewe ilikuwa na ubaya gani?

Imewekwa kwenye shamba kubwa la Kusini mwa Marekani, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mtoto wa Kizungu mwenye huzuni anafarijiwa na Uncle Remus, mzee mpole anayeishi kwenye kibanda na kutabasamu muda wote. Wafanyakazi Weusi wanaimba wakienda kazini, wanaimba wakirudi. Ukiitazama bila kujua historia, utadhani shamba la pamba lilikuwa mahali pa kupunga upepo. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP, aliisifu kwa ufundi wake na kuilaumu papo hapo kwa kuupamba uhusiano wa bwana na mtumwa.

Aliyeigiza Uncle Remus aliitwa James Baskett. Ndiye pia aliyetoa sauti ya mbweha. Filamu ilizinduliwa Novemba 1946 mjini Atlanta, kwenye ukumbi wa Fox, na Baskett hakuhudhuria, kwa sababu Atlanta ya wakati huo ilikuwa mji wa ubaguzi na asingeweza kushiriki sherehe hizo kama binadamu wengine. Mhusika mkuu hayupo kwenye uzinduzi wa filamu yake. Machi 1948 alipewa tuzo maalumu ya Oscar, mwanamume Mweusi wa kwanza kuipata. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, akafariki.

Ninapofikiria Baskett, najua siwezi kuiandika makala hii kama kesi rahisi. Mtu alifanya kazi yake vizuri sana ndani ya filamu iliyomdogosha. Yote mawili ni kweli.

Disney iliendelea kuirudisha filamu hiyo sinema, mara ya mwisho 1986. Kisha ikaifungia. Haikuuzwa kamwe kwa kanda wala diski nchini Marekani, na haimo kwenye Disney+. Maana yake ni kwamba mtoto wa Marekani aliyezaliwa 1990 alimjua Sungura kupitia mteremko wa maji peke yake, bila kujua ametoka wapi. Safari ilikuwa imegeuka kuwa makumbusho ya filamu ambayo mwenye makumbusho hataki uione.

*

Turudi nyuma zaidi. Filamu ilitokana na vitabu vya Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari wa Kizungu kutoka Eatonton, jimbo la Georgia. Mwaka 1862, akiwa kijana, Harris alipata kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti lililochapishwa ndani ya shamba la watumwa liitwalo Turnwold. Jioni alikuwa akienda kwenye vibanda vya watumwa kusikiliza hadithi. Walioishi pale walimsimulia habari za Br'er Rabbit, yaani Ndugu Sungura. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1880 na kikampa jina kubwa. Wasimulizi walibaki vibandani. Wote wakasagwa pamoja wakawa mtu mmoja wa kubuni: Uncle Remus, mzee asiye na kinyongo.

Hadithi zenyewe hazikuwa za upole hata kidogo. Mwanahistoria Lawrence Levine, kwenye kitabu chake cha 1977 kuhusu fikra za Weusi wa Marekani, alionyesha jinsi mnyama mdogo anayemshinda mkubwa kwa akili alivyokuwa na maana nzito kwa watu waliomilikiwa na wenye bunduki na sheria. Sungura huiba, hudanganya, huua inapobidi. Chukua kile kisa maarufu zaidi. Sungura amekamatwa, mbweha anawaza amuue vipi. Sungura anamwambia: nichome, ninyonge, nichune ngozi, chochote, ila tafadhali usinitupe kwenye kile kichaka cha miiba. Mbweha, kwa ukatili wake, anamtupa huko huko. Kimya kidogo. Kisha Sungura anatokea upande wa pili, anacheka: miibani ndiko alikozaliwa.

Ukisimuliwa hadithi hiyo ukiwa mtumwa, uncle wako akiwa ameuzwa wiki iliyopita, huisikii kama katuni. Unaisikia kama mafunzo. Na huo ndio mteremko wa mita 16. Abiria waliokuwa wakipiga mayowe pale kileleni walikuwa wanatupwa kwenye kichaka cha miiba, pamoja na Sungura.

Mwandishi Alice Walker naye alizaliwa Eatonton, mwaka 1944. Ameeleza jinsi wao, familia ya Weusi, walivyokwenda kuitazama filamu ile kwenye sinema ya mjini, wakiwa wametengwa na Wazungu, hadithi za wazee wao zikichezwa kule mbele kwa namna iliyowafanya wasizitamani tena. Kwa Walker, Harris aliiba kitu. Nadhani neno hilo ni sahihi, na si kwa sababu ya karatasi za umiliki peke yake. Ukimfanya mtoto aone aibu kwa hadithi ya bibi yake, umeichukua hata kama bado anaikumbuka.

*

Sasa, Sungura wetu aliingiaje?

Wengi wa waliopelekwa Marekani kwa nguvu walitoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola, si pwani yetu. Lakini hadithi za sungura mjanja zimetapakaa bara hili kutoka nyika za magharibi hadi kwetu na kusini zaidi. Ni ukoo mmoja wenye matawi mengi. Ushahidi mmojawapo uko, ajabu, Chicago. Huko ndiko kilikochapishwa, mwaka 1901, kitabu cha George Bateman cha hadithi za Zanzibar alizozitafsiri kutoka Kiswahili. Ndani yake Sungura na panya aitwaye Buku wanapanda mbuyu kula asali. Asali ni ya Simba. Simba anafika chini ya mti, na kuanzia hapo ni ujanja mtupu.

Kwenye kisa hichohicho, Kobe anakamatwa na Simba, na yeye mwenyewe ndiye anayemfundisha Simba namna ya kumla: nitie kwenye tope, unisugue mpaka gamba litoke. Simba anamsugua majini. Kobe anateleza, anakwenda zake, na Simba anabaki kusugua jiwe mpaka nyayo zinachubuka. Nipeleke unakodhani nitakufa, kumbe ndiko kwangu. Ni kichaka cha miiba, ila kimelowa maji.

Na ile asali? Wabunifu wa Disney walipoikimbia lami wakaweka mzinga wa nyuki, bila kujua walimrudisha Sungura karibu na mbuyu wa Zanzibar. Ni sadfa tu. Lakini nimeipenda sadfa hiyo.

*

Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mwishoni mwa Mei na Marekani kuwaka moto, maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka Splash Mountain ibadilishwe. Wengine maelfu wakasaini la kupinga. Tarehe 25 mwezi huo Disney ikatangaza kwamba mtambo utapewa hadithi ya Tiana, binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney, kutoka filamu ya 2009, na ikasema kazi hiyo ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Florida walifunga baada ya Jumapili ya tarehe 22 Januari 2023. California wakafunga mwishoni mwa Mei. Tiana's Bayou Adventure ikafunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba mwaka huo. Tokyo, hadi ninapoandika haya, Sungura bado anatupwa miibani kila siku.

Mradi mpya uliongozwa na mwanamke Mweusi, Charita Carter. Tiana mwenyewe alichotwa kwa sehemu kutoka kwa Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans. Kwenye safari, Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe ya Mardi Gras, na wanamuziki wenyewe ni wanyama wa kinamasi. Muziki ni mtamu. Mteremko ni uleule.

Cousin yangu mmoja, mama wa binti wa miaka saba, hana muda na huzuni za watu wa chupa za maji. Aliniambia hivi: "Wewe unalilia sungura. Mtoto wangu akifika pale anamwona dada mweusi, ana biashara yake, hakuna anayemwita aunty wa jikoni. Hiyo haitoshi?" Nilimjibu kwamba inatosha sana, na sikusema uongo. Kama ningekuwa kwenye meza ya kupiga kura, ningepiga kura ya kubadilisha. Huwezi kumwambia mtoto Mweusi akae kwenye gogo, apige mayowe ya furaha ndani ya filamu ambayo mwenyewe umeifungia kabatini kwa aibu.

Lakini tuseme na lingine. Malalamiko makubwa dhidi ya safari mpya, hata kutoka kwa wasio na shida na Tiana, ni kwamba haina hatari. Hakuna adui. Yule mganga mwovu wa filamu hayumo. Unapandishwa juu, unaachiliwa, na hujui kwa nini. Sungura alikuwa anatupwa akafe, kwa hiyo mwili wako ulielewa mteremko kabla ya akili. Tiana anakosa wanamuziki.

Na hadithi ya Tiana nayo imewekwa New Orleans ya miaka ya 1920, mji wa ubaguzi wa kisheria, ambao filamu inaupita kwa kunyata. Shamba bila mjeledi limebadilishwa na mji bila vibao vya "Wazungu pekee". Bora kuliko mwanzo, ndiyo. Lakini ni tabia ileile ya kufuta alama za vidole.

Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1987, miaka miwili kabla ya Splash Mountain kufunguliwa, mwandishi Mweusi Julius Lester alitoa kitabu akizisimulia upya hadithi zilezile za Ndugu Sungura kwa sauti yake, bila kumfanya msimulizi mtumwa mwenye furaha. Hilo lilithibitisha kwamba tatizo lilikuwa msimulizi wa kubuni na shamba la kubuni. Sungura mwenyewe hakuwa na kesi ya kujibu. Ingewezekana kumwacha mlimani na kubadilisha sauti inayomsimulia. Lakini nadhani nijuavyo biashara: Tiana ana filamu, ana wanasesere dukani, ana gauni la kijani. Sungura hana filamu unayoweza kuiuza. Haki na faida zilielekea upande mmoja, na hapo maamuzi huwa mepesi.

*

Wiki iliyopita nilimwonyesha yule binti wa miaka saba video zote mbili, ya zamani na ya sasa. Tiana alimpenda. Kwa Sungura akauliza, "Huyu si ule wa shosho?" Basi simu nikaiweka chini, nikamsimulia sehemu nyingine ya kisa kile cha Zanzibar, ambayo kule Kusini mwa Marekani pia inasimuliwa kuhusu Br'er Rabbit.

Simba amejificha ndani ya nyumba ya Sungura, anamngoja. Sungura anarudi, anaona dalili, anasita mlangoni. Anaita: hujambo, nyumba? Kimya. Anasema kwa sauti, kama anayejisemea: ajabu, siku zote nikiisalimu nyumba yangu huitika, leo kuna nini? Simba ndani anafikiri, kumbe nyumba hii huitika! Anaitikia. Sungura anacheka, anatimua mbio.

Binti alicheka mpaka akalala chali. Kisha akauliza, "Kwani Simba hajui nyumba haziongei?"

Hajui. Harris aliingia kwenye nyumba ya Sungura mwaka 1880 akaitikia kwa sauti ya Uncle Remus. Disney ikaitikia 1946, kisha ikaitikia kwa nyimbo mlimani kwa zaidi ya miaka thelathini, na dunia nzima ikadhani ni nyumba inayoongea. Sasa Simba ametoka, amefunga mlango, amebandika jina jipya. Sungura yuko nje, porini, hana mtambo wala duka.

"Nisimulie tena," akasema binti. Nikaanza upya.